Hesabu Saa za Boti Kwanza

Wadogo zangu wa mwambao, kuanzia Kagunga kule mpakani hadi Kalya, na ninyi wa Ujiji, Mwanga, Gungu na Katonga, leo tuongee afya. Swali linalonifikia kuliko mengine yote ni hili: "Dada, nitajuaje kwamba tatizo hili si la duka la dawa tena, ni la kumwona daktari bingwa?" Na wengi huongeza: "Maana hata haliumi sana."

Hapo kwenye "haliumi sana" ndipo tunapopotea. Tumezoea kuupima ugonjwa kwa maumivu. Ukiuma sana tunakimbia, ukiuma kidogo tunavumilia. Lakini jino bovu litakukesheza usiku kucha, wakati saratani ya shingo ya kizazi inapoanza haikunyimi usingizi hata dakika moja. Presha nayo inaweza kukaa mwilini miaka bila kuuma, siku ya kujitangaza ikaja na kiharusi. Ninachowaomba mpime ni mambo mawili: tatizo limekaa muda gani, na limefuatana na nini. Kikohozi cha siku tatu kilichokuja na mafua ni kikohozi. Kikohozi cha wiki mbili kilichofuatana na jasho la usiku na nguo kuanza kupwaya, hicho kinataka makohozi yakapimwe kifua kikuu. Ukikutwa nacho dawa ni bure na unapona.

Kisha kuna jambo la tatu, la kwetu sisi watu wa ziwa. Aliyeko Mwanga anaweza kusema ngoja kupambazuke tuone, kwa sababu Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, ni safari ya bajaji. Aliyeko Mwamgongo hawezi kusema hivyo. Barabara yake ni maji. Boti linaondoka kwa saa zake, na ziwa likichafuka haliondoki kabisa. Kama kutoka kijijini kwako hadi mwalo wa Kibirizi ni saa tatu, na ukishuka pale bado utafute usafiri wa kukufikisha hospitali, basi dalili ambayo mwenzako wa mjini ataiangalia hadi jioni, wewe inakupasa uiondokee asubuhi. Ndiyo maana nawasihi: hesabu saa za boti kwanza, vidonge baadaye.

Tuanze na homa, kwa sababu ndiyo inayojaza mabenchi ya zahanati zetu. Mkoa wa Kigoma umekuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo homa yoyote, ya mtoto au ya mtu mzima, ikapimwe malaria siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni, na majibu hupatikana ndani ya dakika 20 hivi. Ukikutwa nayo unapewa dawa mseto: dozi 6 ndani ya siku 3, ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza, halafu asubuhi na jioni. Dawa hii hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta, na Kigoma mawese hatuyakosi. Usiimeze kwa chai kavu. Wala usiikatishe siku ya pili kwa sababu umepata nafuu, vidonge vilivyobaki ukampa jirani. Mtakuwa wagonjwa wawili ambao hakuna aliyetibiwa.

Sasa zishike hizi, hasa ninyi wenye watoto wadogo. Mtoto hanyonyi wala hanywi. Anatapika kila kinachoingia. Amelegea, au ukimwamsha haamki vizuri. Anapumua haraka, kifua kinabonyea. Amepata degedege. Viganja vimekuwa vyeupe, macho yamekuwa ya manjano, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Moja tu kati ya hizo inatosha, usisubiri ya pili. Malaria iliyofika hapo haitibiwi kwa vidonge, inatibiwa kwa sindano hospitalini. Hata kama unajua utapelekwa mbele, pitia kwanza zahanati ya kijiji, maana wanaweza kumwanzishia dawa kabla ya safari, na dawa hiyo inamnunulia mtoto muda wakati boti liko njiani.

Degedege halina shetani, wadogo zangu. Ni ubongo wa mtoto unaoteseka kwa homa, kwa malaria kali, kwa sukari iliyoshuka au kwa homa ya uti wa mgongo. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimfukize wala kumpaka chochote, mbebe muondoke. Kama bibi anataka kufanya dua, dua inaweza kusomwa ndani ya boti.

Na hapa lazima niseme kuhusu meno ya plastiki. Mtoto wa miezi mitano au sita anaharisha, ana homa, fizi zimevimba kidogo pale ambapo chonge litaota. Anatokea mtu mwenye sifa mtaani anasema mtoto ana meno ya plastiki, yasipotolewa atakufa. Anachukua kitu chenye ncha, msumari au sipoku ya baiskeli, anachokonoa ufizi na kutoa kitu cheupe laini, anamwonyesha mama. Kile alichokitoa ni chimbuko la jino halisi la mtoto, ambalo lilikuwa bado halijakomaa. Mtoto anabaki na kidonda kichafu mdomoni, anavuja damu, hawezi kunyonya, anaweza kupata pepopunda, na ile malaria au nimonia iliyoleta homa bado iko mwilini inaendelea na kazi yake. Ndivyo ilivyo pia kwa kukata kimeo eti mtoto anakohoa. Kimeo hakisababishi kikohozi cha wiki nzima. Mama mkwe akishikilia, mwambie kwa heshima, "Mama, tupime kwanza, majibu yakitoka tutaongea," na usimwachie mtoto.

Vipi kama kipimo hakionyeshi malaria, au umemaliza dozi na siku ya tatu homa bado iko pale pale? Hapo ndipo penye msitu. Wengi huishia kuambiwa wana taifodi kutokana na kipimo cha Widal, wakapewa vidonge vya wiki mbili, mwezi ujao tena taifodi, mwezi mwingine taifodi na UTI. Kipimo kile kinatafuta alama za kinga mwilini, na alama hizo zinaweza kubaki kutokana na ugonjwa wa zamani au kuletwa na ugonjwa mwingine kabisa. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuotesha damu maabara, na hicho hakipatikani kila mahali. Kwa hiyo, ukishaambiwa taifodi mara ya pili ndani ya miezi michache, acha kununua dawa, omba kuonana na daktari wa magonjwa ya ndani.

Ukionana naye, mweleze ulikokuwa. Hili ni muhimu kwa wanaume wanaoingia misituni kurina asali, kuwinda au kuchunga upande wa Uvinza, Kasulu na Kibondo. Kule kuna mbung'o, na mbung'o ndiye mwenye malale. Homa inayokuja na kuondoka, kichwa kisichoacha, tezi zilizovimba, halafu mtu anaanza kulala mchana na kukesha usiku, au tabia inabadilika mpaka watu wa nyumbani wanasema amerogwa: huyo apimwe damu kwa darubini akitafutiwa vimelea vya malale. Malale ya upande wetu huu wa Afrika haikawii, inaweza kuua ndani ya miezi. Daktari aliyekuja Kigoma mwaka jana kutoka mkoa mwingine anaweza asiifikirie mpaka wewe mwenyewe useme, "Daktari, mimi nilikuwa porini, niling'atwa na mbung'o."

Kuhara nitakupitisha haraka kwa sababu mengi mnayajua: pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, na mtoto apewe na zinki. Lakini kuhara maji matupu yanayofanana na maji ya kuoshea mchele, mara nyingi kwa saa moja, kusipewe jina lingine hapa kwetu: ni kipindupindu. Mwezi Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana Kagunga wakisubiri kuvushwa kwa meli ya MV Liemba hadi mjini, kipindupindu kilishika zaidi ya watu 3,000 ndani ya wiki chache, wenyeji wakiwamo. Ugonjwa ule unakausha mtu kwa saa, si kwa siku. Anza kumnywesha hapo hapo, na endelea kumnywesha ndani ya boti.

Sasa tumbo. Mdogo wangu mmoja, mke wa mvuvi, ananiuliza kuhusu mumewe ambaye tumbo linamuwaka kila asubuhi akitoka dagaa. Nikamuuliza, mgongo unamuuma? Unamuuma. Anameza nini? Diklofenaki, kila siku, kwa sababu kuvuta nyavu usiku kucha si mchezo. Hapo umeshapata nusu ya jibu. Diklofenaki, brufeni na aspirini zinachubua ukuta wa tumbo, zinapandisha presha na zinachosha figo. Mvuvi anayezimeza mwaka mzima bila chakula anajitengenezea vidonda vya tumbo ili mgongo unyamaze. Nusu nyingine ya jibu ni bakteria wa tumboni ambaye hupimwa na kutibiwa kwa dawa za wiki mbili hivi. Kwa hiyo aache zile dawa za mgongo, apimwe, atibiwe mara moja kwa ukamilifu, kuliko kutafuna magnesiamu miaka kumi.

Lakini vidonda vya tumbo ni jina ambalo watu wengi hulitumia kufunika mengine. Choo kikiwa cheusi kinachonata kama lami, hiyo ni damu iliyovuja juu. Akitapika damu, chakula kikianza kukwama kooni, kwanza ugali, baadaye hata uji, akipungua uzito bila kujinyima, au tatizo likianza ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 50, hapo dukani hakuna dawa yake. Anahitaji kuingiziwa kamera tumboni, kipimo kinachoitwa endoskopia. Uliza kwanza Maweni kama siku hizo kinafanyika, kama hakifanyiki daktari ataandika rufaa ya Bugando, Mwanza, ambako wagonjwa wa mkoa wetu wamepelekwa kwa miaka mingi. Chakula kukwama ni dalili nisiyotaka mtu ailale. Mgonjwa anayemeza uji kwa shida leo, baada ya miezi michache anaweza asimeze hata maji.

Kuna tumbo jingine, la ziwa lenyewe. Kichocho cha tumbo kinaishi na konokono wadogo wa majini, kwenye maji tulivu penye majani ambapo watoto wanaogelea na sisi tunafulia na kuosha vyombo. Vimelea hupenya kwenye ngozi nzima, hata isiyo na mchubuko. Mwanzoni ni tumbo kusokota, choo chenye damu, uchovu, mtoto asiyekua. Dawa yake ni prazikwanteli, inatolewa kwa kupima uzito au urefu, na shuleni hugawiwa kwa kampeni. Hofu yangu ni kwa watu wazima ambao hakuna kampeni inayowafuata: wavuvi, wachuuzi wa dagaa, akina mama wa mwaloni. Kichocho kikikaa miaka, ini linakuwa gumu, bandama linavimba, tumbo linajaa maji, na siku moja mtu anatapika damu nyingi. Tumbo la namna hiyo nimelisikia likiitwa la kurogwa mara nyingi mno. Mwenye bandama linalogusika mbavuni upande wa kushoto, au tumbo linalojaa maji, aende hospitali apigwe picha ya mawimbi na aonwe na bingwa. Anayetapika damu ni dharura, hakuna cha kusubiri kesho.

Tukiwa bado kwenye damu, niongee na wenye aibu. Wako wengi wanaoona damu chooni na hawamwambii hata mke. Wanajitibu bawasiri kwa majani na kukaa kwenye beseni la maji ya moto miaka na miaka. Mgonjwa maarufu kuliko wote waliopata kukaa Ujiji alikuwa hivyo hivyo. David Livingstone, ambaye Henry Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871 amedhoofika kwa kuhara na homa, alikuwa daktari kwa elimu yake. Alivuja damu kwa bawasiri miaka mingi. Alipokuwa Uingereza kabla ya safari yake ya mwisho alishauriwa afanyiwe upasuaji, akakataa. Mwaka mmoja na miezi michache baada ya kuondoka kwetu, mwaka 1873, alifariki kwenye nchi ambayo leo ni Zambia, baada ya kuvuja damu nyingi chini kwa siku nyingi. Watalii huja kupiga picha kwenye kumbukumbu yake hapo Ujiji, na mimi kila nikipita huwaza jinsi mtu mwenye elimu ile ya tiba alivyoishi na damu ile akiendelea na safari.

Kwa hiyo ukiona damu, mwambie mtoa huduma. Inaweza kuwa bawasiri kweli, na bawasiri ina tiba rahisi ikiwahiwa. Inaweza kuwa kuhara damu au kichocho. Na kama damu imechanganyika na kinyesi chenyewe, choo kimebadilika ghafla kwa wiki kadhaa, unapungua au una upungufu wa damu, ni kazi ya daktari bingwa wa upasuaji. Atakuingiza kidole. Ni sekunde chache.

Dada zangu na wadogo zangu wa kike, hapa nitakaa kidogo.

Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa. Damu inayorudi wakati hedhi ilishakoma, hata kama ni tone. Uchafu wenye harufu usiosikia dawa. Hizo tatu zinataka mlango wa kizazi uangaliwe kwa macho, na si kuongezewa dawa nyingine ya fangasi. Kuangaliwa kwenyewe ni rahisi: muuguzi aliyefundishwa anapaka siki hafifu kwenye shingo ya kizazi, anasubiri dakika moja, anaangalia kama pamebadilika rangi kuwa peupe. Pakiwa na mabadiliko ya mwanzo yanatibiwa kabla hayajawa saratani. Wenye umri wa miaka 30 hadi 50 waende hata kama hawana dalili yoyote, na wanaoishi na virusi vya ukimwi waanze mapema zaidi na kurudia mara nyingi zaidi. Mabinti zenu wapeni chanjo. Ilianza kutolewa nchini mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Maneno ya kwamba inaua kizazi si kweli. Inachokilinda ni kizazi chenyewe.

Uvimbe kwenye titi usiouma ndio wa kuuhofia zaidi, maana usipouma hatuushughulikii. Chuchu iliyozama ndani, ngozi iliyokunjamana, damu kwenye chuchu: nenda. Usikubali kukandwa wala kuchanjwa.

Kwa mjamzito, dalili za kuondoka mara moja ni damu yoyote, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, mtoto kupunguza kucheza, chupa kupasuka kabla ya uchungu, na uchungu uliopitiliza saa 12 bila mtoto kutoka. Piga 115, ni bure. Hiyo ni namba ya mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wakati wa dharura, na mfumo huo unaweza kutuma hata gari au boti la mtu binafsi lililosajiliwa. Iandike kwenye ukuta wa nyumba kwa mkaa. Na kwa wa vijijini kusikofikika kwa urahisi: wiki mbili tatu kabla ya tarehe, hamia kwa ndugu aliye karibu na kituo cha afya kinachofanya upasuaji. Najua kuna watoto wengine wa kuachwa, kuna shamba la muhogo. Ongea na mume mapema, mwezi wa saba wa mimba, si siku ya uchungu.

Masikio: usichokoe. John Speke, aliyefika hapa na Richard Burton mwaka 1858, aliingiliwa na mdudu sikioni usiku akiwa hemani wakati wa safari yake ya ziwani, akamchokoa kwa kisu kidogo. Sikio likaoza, uso ukavimba, akakaa miezi akiwa hasikii upande ule. Mdudu akiingia, weka mafuta ya kula ya uvuguvugu kidogo afe, kama huna tundu kwenye ngoma ya sikio, halafu nenda akatolewe. Sikio linalotoa usaha zaidi ya wiki mbili ni la daktari wa pua, koo na masikio.

Macho mekundu yanayowasha kwa moshi wa kubanika samaki ni jambo moja, jicho jekundu linalouma na kuona limepungua ni jambo jingine kabisa, la siku hiyo hiyo. Dawa za matone za dukani zenye steroidi zinaweza kukupofusha ukiwa unajiona umepona. Wazee wenye mtoto wa jicho waambieni kuwa upasuaji wake ni mfupi na wanarudi kuona.

Kichwa kilichouma ghafla kuliko siku zote za maisha yako, kichwa chenye homa na shingo ngumu, mdomo uliopinda, mkono uliolegea upande mmoja, maneno yasiyoeleweka: ondoka sasa. Mgongo wenye ganzi katikati ya miguu, kushindwa kuzuia haja au miguu kukosa nguvu ni dharura pia. Mgongo unaouma usiku kwa miezi pamoja na homa na kupungua unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hakuna mkandaji atakayeuponya. Na kila aliyefika miaka 40 apime presha na sukari walau mara moja kwa mwaka. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi mara mbili siku tofauti, una presha, hata kama unajisikia mzima kabisa.

Sasa njia ya kumfikia bingwa. Usianze na Dar es Salaam. Kuna watu wameuza ng'ombe, wakapanda treni hadi Muhimbili, wakafika wakaulizwa karatasi ya rufaa. Anza zahanati au kituo cha afya, wakuandikie kwenda hospitali ya wilaya au Maweni. Ukifika Maweni uliza mapokezi siku ya kliniki ya bingwa unayemhitaji, kisha panga boti kufuata siku hiyo. Bima nazo mara nyingi zinadai karatasi hiyo ndiyo zilipe. Tangu 2024 madaktari bingwa wamekuwa wakipelekwa kwa zamu kwenye hospitali za halmashauri, ile kambi watu wanaita ya mabingwa wa Mama Samia. Ukisikia tangazo msikitini, kanisani au redioni, jitokeze siku ya kwanza ukiwa na vipimo vyako vya zamani. Usiye na uwezo kabisa, omba kuonana na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hujatoroka wodini kwa kuogopa bili. Na ukiwa huna wa kumuuliza, Wizara ya Afya ina namba ya bure, 199.

Kabla ya kuondoka nyumbani, andika kwenye karatasi: lilianza lini, linakuja wakati gani, limefuatana na nini, umemeza dawa gani. Beba maboksi ya dawa. Na mitishamba itaje, usiifiche, daktari hakugombezi, anataka kujua ini na figo vimepitishwa wapi. Bingwa ana foleni, anaweza kukupa dakika kumi. Muulize mambo matatu kabla hujainuka: ugonjwa wangu unaitwaje, nirudi lini, na nikiona nini nirudi kabla ya tarehe. Nenda na mtu, kwa sababu ukiwa mgonjwa masikio husikia nusu.

La mwisho ni lako wewe uliyeniandikia bila kutaja kijiji, unayesema tangu ujifungue mtoto aliyefia tumboni mkojo unatoka wenyewe, na umeacha kwenda harusini na sokoni. Hujalogwa, na hukufanya kosa. Uchungu uliokaa muda mrefu ulibana kibofu mpaka pakatoboka. Inaitwa fistula na inatibika kwa upasuaji, hata kama imekaa miaka. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam imekuwa ikiitibu bila malipo, na imekuwa na utaratibu wa kuwatumia wagonjwa wa mikoani nauli. Wiki hii nenda kituo cha afya kilicho karibu, mwombe muuguzi wa kike faragha, mwambie, "Nina fistula, naomba mniunganishe na CCBRT." Kama huyo hajui utaratibu, panda boti uje Maweni, uulizie kitengo cha akina mama. Ukikwama popote, niandikie tena, safari hii taja kijiji.